Pikapu ya zamani inapomisi ukikanyaga breki

Hilux ya zamani ya petroli ambayo iko sawa kwenye sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta), halafu ukikanyaga breki inaanza kumisi, yaani injini inakatakata, na kutaka kuzima, usiikimbilie kabureta wala plagi. Mara nyingi injini inavuta hewa kupitia kwenye breki. Nalisema mapema kwa sababu hapa Ipogolo, Iringa, naletewa pikapu zilizokwisha kubadilishwa plagi, waya na kabureta, hela ya mwenye gari imeteketea na ugonjwa uko palepale.

Mfano wangu ni injini ya 22R, ile ya lita 2.4 yenye kabureta, ila njia ni hiyohiyo kwa pikapu nyingine za petroli zenye busta, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki.

Kwanza ujue kinachotetemeka ni nini. Kama unashuka mteremko wa Kitonga, usukani unacheza na pedeli inakupiga mguuni lakini mlio wa injini haubadiliki, hayo ni mambo ya diski, dramu au beringi za magurudumu. Mlio wa injini wenyewe ukivunjika, tuendelee.

Simamisha gari pahali tambarare, nyutro, hendibreki juu, mawe kwenye matairi. Injini iwe imeshapata moto. Kanyaga breki, ushikilie, uhesabu polepole hadi kumi huku ukisikiliza. Sailensa ikiyumba kidogo ukiachia pedeli kisha ikatulia, hiyo ni kawaida: hewa iliyoingia ndani ya busta inamezwa na injini. Ikianza kumisi mara tu unapokanyaga na ikaendelea muda wote mguu uko chini, busta inavuja. Isipofanya lolote, shida inatokea gari likiwa kwenye mwendo, na hiyo nitaifikia.

Busta inasaidiwa na mvuto wa injini. Kuna mpira mnene unaotoka kwenye manifoldi (njia inayoingiza hewa na petroli kwenye injini) hadi kwenye busta, lile sufuria jeusi nyuma ya masta silinda (pampu ya mafuta ya breki), na ndani yake kuna utando wa mpira. Ukikanyaga, hewa ya nje inaruhusiwa upande mmoja tu wa utando. Utando ukichanika, hewa hiyo inapita moja kwa moja hadi kwenye manifoldi, mchanganyiko wa petroli unakuwa mwepesi, silinda zinakosa kuwaka.

Kuthibitisha ni rahisi. Zima injini, chomoa mpira kwenye manifoldi, ziba ile nozeli ya manifoldi kwa kizibo kinachobana, washa tena gari likiwa limesimama. Kanyaga breki. Injini ikitulia bila kujali mguu wako, umempata mwizi. Usiendeshe gari hivyo hata kwenda dukani: breki zitashika, lakini pedeli inakuwa ngumu kama jiwe, na kwenye mteremko mguu hautatosha.

Kabla hujanunua busta, kagua mpira wenyewe. Ukunje kwa mkono pale unapopinda na chini ya klipu, maana ufa hujificha hapo na ukinyooka hauonekani. Nimekuta magari yamefungwa mpira wa maji ya rejeta. Huo ukipata moto unanywea, pedeli inakuwa ngumu. Kwenye njia ya mpira kuna valvu ya njia moja. Ichomoe, puliza kwa mdomo: ukitokea upande wa busta hewa ipite, ukitokea upande wa injini igome.

Mpira na valvu vikiwa vizima, rudisha kila kitu upime busta. Zima injini, pampu pedeli mpaka iwe ngumu, ikanyage uishikilie, kisha washa: lazima izame kidogo. Halafu, injini ikiwa inaunguruma, kanyaga na ushikilie, zima, subiri sekunde 30. Pedeli ikipanda kukusukuma, hewa inaingia ndani.

Ukiwa na geji ya vakyumu, ile ya kupima mvuto wa injini, zingatia mwinuko. Vitabu vinataka inchi 17 hadi 21 za zebaki, na hizo ni za usawa wa bahari, Dar au Tanga. Sisi Iringa tuko juu ya mita 1,500, tunapoteza kama inchi 5. Fundi asiyejua hili atafungua injini nzima bila sababu.

Kuna dalili moja naomba usiidharau. Mzee mmoja anayebeba nyanya kutoka Ilula aliniletea Hilux inayomisi kwenye breki na kutoa moshi mweupe, huku mafuta ya breki yakipungua bila tone kuonekana chini. Nilifungua nati za masta silinda, nikaivuta mbele taratibu, nikaingiza kidole kwenye mdomo wa busta. Kilitoka kimelowa. Sili ya nyuma ya masta ilikuwa imekufa, injini inanyonya mafuta ya breki na kuyachoma. Gari la namna hiyo lisirudi barabarani, hata kama mzigo unaoza.

Sasa lile linalomisi kwenye mwendo tu. Ukifunga breki, petroli inakimbilia mbele ndani ya kabureta, kwa hiyo pima kina cha floti (boya la petroli) na uangalie maji au uchafu kwenye tenki. Tazama injini maunti, mipira inayoishikilia injini: ikikatika, injini inasogea ukisimama na kuvuta waya na mipira. Chomoa pia fyuzi ya taa za breki kwa dakika chache mkiwa gereji. Kumisi kukiisha, tafuta waya mbovu wa ethi kati ya injini na bodi.

Wenye Hilux za injini ya dizeli iitwayo 2L au 3L, busta yenu inategemea pampu ya vakyumu iliyo nyuma ya oltaneta, kwa hiyo kipimo cha kuziba manifoldi hakiwahusu. Anzeni na hewa kwenye njia ya dizeli, na maunti.

Ukimaliza kuziba uvujaji, irudishe sailensa, maana mara nyingi kuna mtu aliipandisha ili gari lisizime. Kwa 22R ya gia za mkono weka kwenye mizunguko 700 hivi kwa dakika, injini ikiwa ya moto. Kisha jaribu breki bila mzigo kwenye tambarare, mara kadhaa, kabla ya kuelekea Kitonga.