Kabla ya Kufungua Injini ya Dizeli Inayochemsha

Injini ya dizeli ya zamani ikianza kuchemsha, neno la kwanza utakalosikia ni "gasketi imeungua", yaani kizibo bapa kilicho kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na mwili wa injini kimeharibika. Huenda ni kweli. Lakini mara nyingi mno hedi hushushwa, husawazishwa, hufungwa na gasketi mpya, na mlima wa kwanza tu maji yanachemka tena, kwa sababu rejeta (kipoza maji cha injini) iliyoziba haikuguswa kabisa. Kabla spana haijagusa hedi, kusanya ushahidi.

Ushahidi wa kwanza ni wakati inapochemsha. Dizeli inayonguruma palepale bila mzigo huchoma mafuta kidogo sana na hutoa joto dogo. Ikichemsha katika hali hiyo, basi ama maji yamepungua, ama feni haivuti hewa: belti imelegea, klachi ya feni imechoka, au kava inayoizunguka feni ilitolewa na haikurudishwa. Ikiwa mbio za kawaida inazimudu lakini mlimani na mzigo inashindwa, elekeza macho kwenye rejeta na mzunguko wa maji. Ikipanda joto dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, shuku themostati (valvu inayofunguka maji yakipata joto) iliyokwama, hewa iliyonaswa ndani au gesi ya mwako inayopenya kwenye maji.

Hakikisha pia kwamba geji inasema kweli. Sensa husoma sawasawa ikiwa imezama kwenye maji. Maji yakiisha, inabaki kwenye mvuke au hewa, na mshale unaweza kushuka huku hedi ikiungua. Kwa hiyo mshale ukishuka ghafla ukiwa unapanda mlima, simama mara moja. Na usimimine maji baridi kwenye injini iliyokauka ikiwa bado ya moto, maana hedi inaweza kupasuka hapohapo. Iache ipoe yenyewe.

Kifuniko cha rejeta kinastahili heshima mbili. Kwanza ni hatari: mfumo ukiwa na presha ya bar 1, maji huchemka karibu nyuzi 120 badala ya 100, na ukifungua, maji hayo hugeuka mvuke papo hapo usoni mwako. Subiri mpaka uweze kuminya mpira wa juu wa rejeta kwa mkono bila kuungua. Pili, kikichoka, injini nzima itachemsha mapema bila kosa lingine lolote. Tazama raba yake na springi, na kama una shaka weka kipya chenye namba ileile ya presha.

Rejeta ikaguliwe nje na ndani. Nje, matope na wadudu hujificha kati yake na kondensa ya kiyoyozi, mahali ambapo ukisimama mbele huoni kitu. Osha kutoka upande wa injini kwenda nje kwa maji ya nguvu ndogo, kwa sababu presha kubwa hulaza mapezi yake. Ndani, izime injini ikiwa imepata moto, kisha pitisha mkono kwa uangalifu usoni mwa rejeta: sehemu iliyo baridi kuliko jirani zake ni mirija iliyoziba. Mpira wa chini nao usisahauliwe. Mtu akikanyaga mafuta, pampu ya maji huuvuta, na kama umelainika hubana na kukata maji. Tazama ukiwa mbali na feni.

Sasa themostati. Wapo mafundi wanaoing'oa na kuitupa, na hili nalipinga kabisa. Katika injini nyingi, kisahani chake cha chini huziba njia ya mkato inapofunguka. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi na sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupita kwenye rejeta. Wakati huohuo, bila mzigo injini hukimbia ikiwa baridi, mafuta hayaungui vizuri na oili huchafuka haraka. Ipime badala ya kuitupa: itundike kwa uzi kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini, kisha pasha moto. Ianze kufunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake, kwa mfano 82 au 88.

Hapo ndipo gasketi inapostahili kuhukumiwa. Injini ikiwa baridi kabisa, funga kifuniko, washa, na ushike mpira wa juu. Ukikakamaa ndani ya dakika moja au mbili ilhali maji bado hayajapata joto, presha hiyo haikutokana na joto. Ni gesi kutoka kwenye silinda. Siku nyingine, ikiwa imepoa tena, washa kifuniko kikiwa wazi: mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, yanathibitisha. Oili ndani ya maji peke yake haitoshi kuihukumu gasketi, kwani kipoza oili kilichotoboka huleta picha ileile.

Nozeli za dizeli zinazomwaga, taiming ya pampu ya dizeli iliyoharibika na breki zinazoburuza huongeza joto pia. Moshi mweusi ukiandamana na kuchemsha, anzia huko.

Ikibidi hedi ishuke kweli, andaa kwanza vipimo vya kukaza bolti vya injini yako, bolti mpya kama ni zile za kutumika mara moja, na mahali pa kuipima hedi kwa presha, maana nyufa kati ya valvu ni za kawaida katika dizeli za zamani. Kama laina za injini (mirija ya chuma ambamo pistoni hutembea) zinagusana na maji moja kwa moja, jaza kulanti (dawa ya maji ya kupozea) iliyotengenezwa kwa dizeli nzito: mtetemo wa laina huzaa mapovu yanayotoboa chuma kidogokidogo. Changanya na maji yaliyochujwa madini, nusu kwa nusu. Wakati wa kujaza, fungua hita yote na skrubu ya kutolea hewa, mimina polepole, endesha kidogo, na kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua tena uongeze palipopungua.