Kabla hujakubali masega yatolewe, fungua sensa kwanza

Gari la petroli likiwa zito mlimani, mafundi wengi hukimbilia "tutoe masega." Masega ni kile kifaa cha kusafisha moshi kilicho kwenye bomba la moshi, na hapo hudhaniwa yameziba. Jaribu hivi kwanza: injini ikiwa vuguvugu, fungua sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega, acha tundu wazi, kisha pandisha kilima kilekile kilichokushinda. Gari likichangamka ghafla, njia ya moshi imeziba kweli, maana sasa moshi umepata pa kutokea. Likibaki vilevile, angalia plagi, koili, filta ya mafuta na pampu. Kelele zitakuwa nyingi na taa ya injini inaweza kuwaka. Ni kwa dakika chache tu. Ila hakikisha tundu halielekei nyaya wala mipira, moshi ule unaunguza.

Kipimo hiki kina udhaifu. Tundu lina kama milimita 18 tu, kwa hiyo masega yaliyoziba kidogo huenda usione tofauti. Pia mafla (kipunguza kelele kilicho nyuma ya bomba la moshi) iliyoziba hutoa jibu lilelile, na masega yakasingiziwa bure.

Masega mazima yaache. Kwa gari la kawaida nguvu inayoongezeka ni ndogo mno, sensa ya pili, iliyo baada ya masega, italalamika kwa msimbo wa hitilafu P0420 (masega hayasafishi moshi), na moshi utanuka. Fundi akisema atakutolea bure mradi abaki nayo, jua ndani mna madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu, anajua anachokitafuta. Na kama injini inakula oili, hata masega mapya yataziba tena.