Kuilinda Tovuti ya Biashara Ndogo kwa Usimbaji Fiche

Mgeni anayeweka nafasi katika nyumba ya wageni ya Lamu au Zanzibar kupitia tovuti huandika jina lake, namba ya simu na pengine namba ya pasipoti. Ikiwa anwani ya tovuti hiyo inaanza kwa http pasipo herufi s, maandishi hayo husafiri wazi, na mjuzi aliyeunganishwa na Wi-Fi ileile isiyo na nenosiri anaweza kuyasoma. Tangu Julai 2018, kivinjari cha Chrome huzitia tovuti za namna hiyo alama ya kutokuwa salama, nayo mteja huiona kabla hajaiona bei.

Dawa yake ni cheti cha TLS (utaratibu wa kusimba mawasiliano kati ya kivinjari na seva, ambao wengi bado huuita SSL), ambacho hufungamanisha jina la kikoa na ufunguo wa umma wa seva ili kivinjari kihakikishe kinazungumza na nani kabla ya kuyasimba mazungumzo. Let's Encrypt, mamlaka ya vyeti isiyo ya kibiashara, hutoa vyeti hivyo bure tangu 2015. Cheti cha kulipia hakisimbi kwa nguvu zaidi. Anayekuambia cha bure ni dhaifu anatafuta soko tu.

Kwanza chukua nakala rudufu ya tovuti nzima. Ikiwa kampuni inayokuhifadhia tovuti hutumia cPanel, yaani paneli ya kusimamia tovuti, fungua sehemu ya SSL/TLS Status, kwani mara nyingi cheti kimekwishawekwa bila mwenyewe kujua. Kama hakipo, endesha AutoSSL, zana ya cPanel ya kuweka cheti, ikiwa imewezeshwa. Mwenye seva yake ya Linux inayotumia programu ya seva ya Nginx asakinishe Certbot, programu inayoomba na kuweka vyeti vya Let's Encrypt, ahakikishe kwamba jina la kikoa linaelekea kwenye seva hiyo na kwamba poti 80 (ya http) na 443 (ya https) ziko wazi, kisha aandike amri hii, akiweka jina lake mwenyewe:

sudo certbot --nginx -d jinalako.co.tz -d www.jinalako.co.tz

Majina yote mawili yatajwe, kwa sababu cheti hukubalika kwa majina yaliyoandikwa ndani yake tu.

Wengi huishia hapo, ilhali kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Kila anayefika kwa http aelekezwe kwenye https kwa msimbo 301, yaani uhamisho wa kudumu, na viungo vya zamani vya picha na hati ndani ya kurasa vibadilishwe, la sivyo kivinjari kitazuia baadhi yake na ukurasa utaonekana umevunjika. Kwa WordPress, badilisha anwani mbili zilizo kwenye mipangilio ya jumla, kisha utumie amri ya wp search-replace ya zana ya WP-CLI, ukianza na --dry-run ili uone kitakachoguswa. Usiibadilishe hifadhidata moja kwa moja kwa SQL: baadhi ya mipangilio huhifadhiwa pamoja na idadi ya herufi zake, na ile s moja iliyoongezwa huvuruga hesabu hiyo.

Cheti cha Let's Encrypt kwa kawaida hudumu siku 90. Certbot hukihuisha yenyewe, lakini ijaribu kwa sudo certbot renew --dry-run, na uweke kikumbusho kwenye simu, kwa kuwa tangu Juni 2025 Let's Encrypt haitumi tena barua pepe za kuonya kwamba muda unakwisha.

Kichwa cha HSTS, kinachokiamuru kivinjari kitumie https pekee, kiwekwe mwishoni. Anza na max-age (muda wa kivinjari kuikumbuka amri hiyo) ya sekunde 300, na kurasa zote zikishakuwa sawa upandishe hadi 31536000, yaani mwaka mmoja. Vivinjari vya wateja huikumbuka amri hiyo, na kosa lake halifutiki kwa haraka. Zima pia matoleo ya zamani, TLS 1.0 na 1.1, zilizostaafishwa rasmi mwaka 2021, kisha uipime tovuti kwa huduma ya bure ya SSL Labs.

Ufunguo binafsi wa seva, yaani mwenzi wa siri wa ule wa umma, usitoke kwenye seva. Ikiwa fundi aliwahi kuutuma kwa WhatsApp, kama mafundi wetu wapendavyo, batilisha cheti hicho na uombe kipya chenye ufunguo mpya.