SOMO: Jinsi ya kupunguza yale simu yako inayoyajua

Ukitaja faragha ya simu, wengi huwaza wadukuzi. Lakini taarifa nyingi huwa tumezitoa wenyewe, kwa kubonyeza "Ruhusu" tukiwa na haraka. Kwa hiyo leo hatupakui programu yoyote ya ulinzi, tunaingia kwenye mipangilio tu. Majina ya menyu hutofautiana simu hadi simu, msitishike.

Hatua ya 1: Mahali ulipo. Ingia Mipangilio, Faragha, kisha ruhusa za Mahali. Simu inakolala usiku ni kwako, inakoshinda mchana ni kazini. Inakokwenda kila wiki huweza kufichua dini yako, ugonjwa wako, hata mtu unayemficha, bila yeyote kusoma ujumbe wako hata mmoja. Kila programu iliyoruhusiwa wakati wote, ibadilishe iwe wakati unapoitumia tu. Kisha zima mahali mahususi kwa zisizohitaji. Chaguo hilo lipo kuanzia iOS 14, mfumo wa iPhone (2020), na Android 12 (2021). Ramani inahitaji kujua uko barabara gani. Programu ya hali ya hewa haihitaji.

Hatua ya 2: Kamera, maikrofoni na majina. Programu ya tochi inayotaka orodha ya majina uliyohifadhi kwenye simu, ifute bila kuijadili. Ukiruhusu majina unagawa namba za watu ambao hawakuulizwa.

Hatua ya 3: Matangazo. Kwenye Android mpya, futa kitambulisho cha matangazo, yaani namba ambayo watangazaji huitumia kukutambua. Kwenye iPhone, tangu iOS 14.5 (2021), programu hulazimika kukuomba kabla ya kukufuatilia kwenye programu na tovuti za wengine. Kataa. Matangazo yataendelea kuja, ila kukujua itakuwa kazi zaidi.

Hatua ya 4: Simu ikiwa imefungwa. Ficha maudhui ya arifa, maana namba za uthibitisho husomeka juu ya kioo bila nywila. Weka na PIN ya laini, la sivyo mwizi atahamisha laini kwenye simu nyingine apokee namba hizo. Angalizo: ukikosea PIN mara 3 utadaiwa PUK, yaani namba ya kufungulia laini kutoka kwa mtandao wako, itafute kabla hujaanza.

Hatua ya 5: Jiulize simu ikipotea sasa hivi utakwama wapi. Kwangu hii ndiyo ngumu kuliko zote. Pesa, picha, barua pepe na namba za ndugu tumevirundika kwenye kifaa kimoja, halafu tunashangaa kinatujua. Andika kwenye karatasi namba mbili tatu za watu wako pamoja na namba za akiba za kuingilia barua pepe, uiweke mbali na simu.

MASWALI

*Mwalimu, nikizima GPS sionekani tena?*
Unaonekana, ndugu. Simu ikiwa hewani huwasiliana na minara, hivyo mtandao wako wa simu unajua uko eneo gani. Wi-Fi nayo husaidia kukukadiria.

*Nikiongelea viatu, tangazo la viatu linakuja. Simu inanisikiliza?*
Uliyoyatafuta, ulikopita na watu mnaotumia nao Wi-Fi moja vinatosha kukukisia, bila kukusikiliza. Ila ukiona kidoto cha maikrofoni juu ya kioo na hujapiga simu wala kurekodi, kagua ni programu gani inayoitumia.

*WhatsApp si imefungwa tayari?*
Ujumbe wenyewe ndiyo, kwa wote tangu 2016: husomwa na anayetuma na anayepokea tu. Nakala rudufu ni jambo jingine: kuifunga kwa nywila kulikuja 2021 na ni hiari, kwa hiyo kaiwashe. Ukisahau nywila hiyo, nakala imepotea.

*Mimi shida yangu ni kuishika kila saa. Nifute nini?*
Usifute kwanza, dada. Zima arifa zote ila simu zinazopigwa na ujumbe unaotoka kwa watu. Baada ya wiki, programu ambayo hukuikumbuka ndiyo ya kufuta, pamoja na akaunti yake, maana kufuta programu pekee hakufuti yale ambayo wenye programu wamekwisha kuyahifadhi.