Pikipiki inachemka? Anza na oili, kisha matope

Wakuu, hizi pikipiki za cc 100 hadi 150 tunazopigia kazi nyingi hazina rejeta. Injini inapozwa na upepo na oili basi, kwa hiyo oili ikipungua, joto halina pa kwenda.

Kupima: simamisha kwenye stendi kubwa, sehemu tambarare, iwe imezimwa dakika chache oili ishuke chini. Ukipima imelalia stendi ya pembeni unajidanganya. Kama ni ya kijiti cha kupimia oili, kifute, kichomeke. Nyingi hupimwa bila kukikaza, ila kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Usizidishe alama ya juu. Oili iliyojaa kupita kiasi nayo inaleta joto na kuvuja kwenye sili.

Oili ya gari dogo achana nayo, hata kama ni bei chee. Klachi zetu zinaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na oili nyingi za gari zina dawa ya kulainisha inayofanya klachi iteleze: unavuta mafuta, injini inalia, pikipiki haiendi. Tafuta kopo lenye maandishi JASO MA, yaani alama ya oili inayofaa klachi za pikipiki zinazoogelea kwenye oili.

Halafu osha yale mapezi ya silinda, yaani zile bapa nyembamba za nje zinazotoa joto. Tope likikauka katikati yake, upepo haupiti. Ila subiri injini ipoe kwanza. Maji baridi kwenye silinda ya moto yanaweza kuipasua.

Ukiona moshi wa bluu, oili inaungua ndani. Hapo ni ringi au sili za valvu, mwone fundi.