Kabla ya Sururu Kugusa Ardhi: Vibali na Usalama wa Kuchimba Mtaro Unguja na Pemba

Mtu anayetaka kuvuta bomba la maji kutoka barabarani hadi nyumbani kwake, au kuunganisha karo na njia ya maji machafu, kwa kawaida humwita fundi mmoja na vibarua wawili asubuhi, na ikifika adhuhuri mtaro umeshafika kifuani. Kazi hiyo huonekana ndogo kwa sababu vifaa vyake ni vidogo: sururu, chepe, mtaimbo na kamba. Lakini mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa kilo 1,500 hadi 2,000, yaani mifuko 30 hadi 40 ya saruji, na ukuta wa mtaro ukiporomoka huporomoka kwa sekunde chache tu, bila ya kumpa aliyemo ndani nafasi ya kuinua mguu.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia kazi ya namna hii katika shehia moja ya Ng'ambo, upande wa mji wa Unguja ulio nje ya Mji Mkongwe, mwanzoni mwa masika. Mtaro ulikuwa na kina cha mita moja na nusu hivi, kuta zake zimesimama wima, na kifusi chote tulikirundika ukingoni kwa kuwa uchochoro ulikuwa mwembamba. Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi kijana mmoja aliteremka kuchukua chepe alilolisahau jana yake, na ukuta wa upande wa kifusi ukashuka juu yake. Alifukiwa mpaka juu ya kiuno. Tulimchimbua kwa mikono kwa zaidi ya nusu saa, na kila tulipotoa mchanga, mchanga mwingine ulimiminika mahali pake. Alitoka mzima, alhamdulillahi. Kibali tulikuwa nacho, kimegongwa muhuri na kukunjwa ndani ya mfuko wangu wa shati. Kilichokosekana ni mtu wa kuutazama mtaro kabla ya yeyote kuingia, na mtu huyo alipaswa kuwa mimi. Kwa hiyo katika maelezo haya sitatenganisha karatasi na udongo.

Nani aombwe ruhusa

Anza kwa sheha, kiongozi wa serikali katika shehia. Yeye ndiye anayeijua mipaka ya shehia, anajua ni nani aliyechimba hapo kabla yako, na barua yake ndiyo itakayofungua milango ya ofisi nyingine. Kutoka kwa sheha nenda katika baraza linalohusika: Unguja mjini ni Baraza la Manispaa la Mjini, na pembezoni mwa mji ni Magharibi A au Magharibi B, Pemba ni mabaraza ya miji ya Chake Chake, Wete na Mkoani. Ikiwa mtaro utakata barabara, uliza mapema barabara hiyo iko chini ya nani, kwa kuwa njia za mitaani ni za baraza, wakati barabara kuu husimamiwa na wizara ya ujenzi kupitia wakala wake wa barabara. Kibali cha mmoja hakikupi haki ya kukata lami ya mwingine.

Ndani ya Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, hakuna jiwe linaloinuliwa bila ya ruhusa ya Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa ni usumbufu. Mimi naliona ni ulinzi, na sababu yake nitaieleza nitakapofika kwenye misingi ya nyumba. Kazi kubwa, kama vile mtaro mrefu wa maji ya mvua unaopita mitaa kadhaa, huingia pia katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 3 ya mwaka 2015, na hapo ni lazima kuipitia Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA.

Ombi lako liambatane na mchoro, hata kama umechorwa kwa rula na penseli, unaoonyesha mtaro unaanzia wapi na kuishia wapi, urefu, upana na kina chake, umbali wake kutoka kwenye kuta za majirani, siku ya kuanza na siku ya kufukia, mahali kifusi kitakapowekwa, na jina la msimamizi atakayekuwapo muda wote. Kina ndicho kinachofichwa zaidi kuliko chochote. Watu huandika mita moja kisha wakachimba mbili, kwa kuogopa maswali, na matokeo yake ni kwamba afisa aliyepitisha ombi hakupata nafasi ya kuuliza kuta zitazuiwa kwa kitu gani. Malipo yote yafanywe kwa utaratibu wa serikali wenye kutoa risiti, na nakala ya kibali ikae pale pale kazini, si nyumbani kwa mwenye nyumba.

Kilicholala chini

Peleka mchoro huo huo Mamlaka ya Maji, ZAWA, na Shirika la Umeme, ZECO, pamoja na makampuni ya simu yenye nyaya mtaani hapo, na uombe waje kukuonyesha njia zao. Usiridhike na kauli ya kuwa hapa hapana kitu. Chimba kwanza vishimo vidogo vya kupimia, kwa mkono na taratibu, mpaka ulione bomba au waya kwa macho yako, na kuanzia hapo mtaimbo usitumike karibu yake. Waya wa umeme uliozikwa zamani huweza kuwa umepoteza kinga yake ya juu na kufanana kabisa na mzizi wa mwembe.

Katika miji yetu yamo pia makaburi ambayo hayana tena alama juu ya ardhi. Ukikuta mifupa, simamisha kazi, funika kwa heshima, mwite sheha, na suala lifikishwe Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mashimo ya vyoo na makaro ya zamani nayo hukutwa mara kwa mara, na hatari yake haionekani: hewa iliyomo ndani humwangusha mtu kwa pumzi chache, kisha mwenzake akaingia kumwokoa na yeye akaanguka juu yake. Karo lililofunuliwa halimfai mtu yeyote kuteremka humo, hata kwa dakika moja, hata akiwa amefungwa kamba.

Udongo wetu unavyosimama na unavyolala

Wakulima wetu wameupa majina udongo wa visiwa hivi, na majina hayo yanamfaa mchimbaji kuliko kitabu. Kichanga hakisimami, kinashikana kikiwa na unyevu, kisha jua likikausha ukingo kinaanza kumwagika punje kwa punje, na hiyo punje ndiyo onyo. Kinongo, ule udongo mwekundu, ndio unaowadanganya watu zaidi, kwa kuwa husimama wima vizuri mno siku ya kwanza na ya pili, kisha mvua moja ikaulainisha tumboni huku uso wake ukiwa bado mzima. Kinamo, udongo wa kunata, hupasuka wakati wa kiangazi na nyufa zake hupitisha maji moja kwa moja hadi nyuma ya ukuta wa mtaro. Maweni ni mawe ya matumbawe, na wengi huamini kwamba jiwe haliporomoki. Lakini ndani yake mna matundu na mapango, na bamba la jiwe hung'oka zima. Mbaya kuliko wote ni udongo uliokwisha kuchimbwa na kufukiwa, ambao ndio umejaa kando ya barabara zetu zote.

Karibu na pwani kuna jambo jingine. Pale Darajani, ambapo zamani palikuwa na mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, na katika sehemu nyingi za ufukweni, maji ya chini hupanda na kushuka pamoja na bahari. Kwa hiyo kazi ya kina kirefu ipangwe wakati wa maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo, wala si wakati wa bamvua, inapojaa na kupwa sana, na pampu inayovuta maji mtaroni iangaliwe rangi ya maji inayoyatoa: yakitoka na mchanga, basi inavuta pia ukuta unaokutegemeza. Masika ya Machi hadi Mei yanajulikana na kila mtu. Vuli ya Oktoba hadi Disemba husahaulika, na huwakuta watu mitaro iko wazi.

Kuzuia kuta

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar, Na. 8 ya mwaka 2005, inamtwika mwajiri jukumu la kumlinda mfanyakazi, na mwenye nyumba aliyewaita vibarua wawili asidhani kwamba yeye si mwajiri. Kuhusu kina, nchi hazikubaliani. Marekani inalazimisha kinga kuanzia futi 5, yaani mita 1.5 hivi, isipokuwa katika mwamba mtupu; Uingereza haitaji kipimo chochote, bali inamtaka msimamizi azuie poromoko popote linapoweza kutokea. Mimi hufuata njia hii ya pili, na kipimo changu ni mwili wa mtu: mtaro ukishapita kiuno cha anayechimba, kazi inasimama mpaka kuta zishughulikiwe, kwa kuwa mtu hufanya kazi ameinama, na aliyeinama katika mtaro wa kiunoni kichwa chake kiko chini ya ukingo.

Penye nafasi, kata kingo ziwe mteremko. Katika kichanga, kila mita moja ya kina inahitaji ukingo urudi nyuma mita moja na nusu kila upande. Katika kinongo kikavu kisichowahi kuchimbwa, mita moja kwa mita moja. Hesabu hiyo inaonyesha mara moja kwamba katika uchochoro haiwezekani, na hapo pana njia moja tu: mbao nene zisimamishwe pande zote mbili, zikazwe kwa boriti au jeki za kati, zianze kuwekwa kutoka juu kwenda chini, na zitolewe kutoka chini kwenda juu huku mtaro ukifukiwa. Boriti iliyooza au yenye fundo katikati isitumike. Mtaro wa zaidi ya mita 6 hauhusiani na fundi wa mtaani. Huo ni wa mhandisi.

Kifusi kikae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni, na ikiwezekana mita nzima, na gari la mchanga lisisimame karibu. Ngazi iwemo kila mtaro uliopita mita 1.2, ikitokeza juu ya ukingo, na isiwe mbali na mchimbaji zaidi ya mita saba na nusu. Kupanda kwa kuparamia ukuta ndiko kunakoanzisha maporomoko mengi.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na misingi yake mara nyingi ni mifupi kuliko mtaro unaotaka kuuchimba. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba kongwe la Mji Mkongwe, iliporomoka na watu wawili wakafariki. Ingawa sababu haikuwa mtaro, siku hiyo tuliona jinsi ukuta wa mawe na chokaa unavyoanguka kwa pamoja. Basi fikiria mstari unaoteremka kwa nyuzi 45 kutoka chini ya msingi: mtaro usiuvuke mstari huo bila ya mhandisi, na kama ni lazima, chimba vipande vifupi vya mita moja moja, fukia kimoja kabla ya kufungua kingine.

Kila asubuhi, na mchana kutwa

Msimamizi aukague mtaro kabla ya mtu yeyote kuingia, na arudie baada ya kila mvua, baada ya mapumziko marefu, na baada ya gari zito kupita. Atafute nyufa zinazokwenda sambamba na ukingo, uvimbe katika ukuta, maji yanayochuruzika mahali palipokuwa pakavu jana, na boriti iliyolegea. Akiona kimojawapo, watu wabaki juu. Asiwepo mtu mtaroni peke yake, na asiajiriwe aliye chini ya miaka 18.

Juu ya ardhi wako wengine wa kuwafikiria: watoto wanaokwenda chuo cha Qur'ani alasiri, wazee wanaotoka msikitini baada ya sala ya Isha, na umeme unaoweza kukatika. Utepe mwekundu hautoshi. Weka uzio wa mbao au mabati unaofika kifuani, taa yenye betri yake usiku, na daraja la mbao lenye mkono wa kushikia mbele ya kila mlango uliozibwa. Wapitie majirani mlango kwa mlango siku moja kabla. Jirani aliyeambiwa ndiye atakayewazuia wanawe.

Ukuta ukiporomoka juu ya mtu, asiruke yeyote kumfuata, kwa kuwa poromoko la pili hufuata la kwanza. Piga 114 kwa Zimamoto na Uokozi au 112 kwa polisi, zima magari na pampu za jirani, ondoa watu na kifusi ukingoni, kisha weka mbao kabla ya kuchimba, na uchimbe kwa mikono, kuanzia kichwani na kifuani. Aliyefukiwa kifuani hushindwa kupumua hata kama uso wake uko wazi, kwani kila akitoa pumzi udongo hushuka na kuibana nafasi hiyo. Akitoka apelekwe hospitali hata akisema hana kitu.

Kufukia

Udongo urudishwe kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila tabaka ishindiliwe, na utepe wa onyo ulazwe kiasi cha sentimita 30 juu ya bomba au waya. Mwite afisa wa baraza aone kabla ya lami au mawe kurudishwa, piga picha, na umwachie sheha nakala ya mchoro wenye vipimo kutoka kwenye pembe ya nyumba isiyohama. Baada ya masika ya kwanza rudi uangalie: penye kudidimia ongeza udongo na ushindilie upya, kwa gharama yako.