Jinsi ya kufuatilia kesi kubwa za jinai katika mahakama za shirikisho Marekani

Mwanasiasa mkubwa wa Marekani akishtakiwa, ndani ya saa moja utasikia ameshafungwa, ameachiwa na amezuiwa kugombea, yote kwa pamoja. Kazi yangu ni kuandaa habari hizi kwa wasikilizaji wa Kiswahili, na utaratibu ninaoutumia ndio huu. Mfano wangu mkuu ni Bob Menendez, aliyekuwa seneta wa New Jersey na aliyeshtakiwa kwa hongo, kwa kuwa kesi yake imepitia karibu kila kituo.

Hatua ya 1: Uliza kesi ni ya nani

Kuna waendesha mashtaka wa majimbo na wa serikali kuu, yaani shirikisho, na kila upande una mahakama zake. Mwaka 2023 Donald Trump alifunguliwa kesi nne za jinai: mbili za shirikisho, Florida na Washington, na mbili za majimbo, New York na Georgia. Makosa 34 aliyotiwa hatiani Mei 2024 yalikuwa ya jimbo la New York, na msamaha wa rais haufiki huko. Ile ya Washington ilifutwa Novemba 2024 baada ya yeye kushinda uchaguzi, kwa sababu Wizara ya Sheria ina msimamo wa miaka mingi kwamba rais aliye madarakani hashtakiwi. Ukikosea hatua hii, uchambuzi wote unaofuata utakwenda kombo.

Hatua ya 2: Tafuta namba ya kesi, kisha soma hati yenyewe

Kesi ya Menendez ni 1:23-cr-00490-SHS. Tarakimu 23 ni mwaka, "cr" ni jinai, 490 ni namba ya faili, na herufi za mwisho ni za jaji, Sidney Stein. Ukiwa na namba hiyo unaweza kuingia PACER, mfumo rasmi wa mahakama za shirikisho, unaotoza senti 10 kwa ukurasa na usiozidi dola 3 kwa hati. Ukitumia dola 30 au pungufu katika robo mwaka, hulipi kitu. Kabla ya hapo jaribu tovuti ya CourtListener, ambako hati nyingi za kesi maarufu zimewekwa bure.

Hati ya mashtaka usiisome kama gazeti. Mimi huanza na vifungu vya sheria, kisha majina ya wenzake walioshtakiwa, halafu maelezo ya vitendo. Katika ya Menendez kulikuwa na picha: koti lenye jina lake na bahasha za noti zilizokutwa mfukoni, pamoja na vipande vya dhahabu. Fedha taslimu zilizokamatwa katika upekuzi zilizidi dola 480,000. Picha hizo zilimwangamiza kisiasa kabla shahidi hata mmoja hajasimama, lakini kumbuka kwamba hati ya mashtaka ni maelezo ya upande mmoja.

Angalia pia kama imefanyiwa marekebisho. Ya kwanza ilitoka Septemba 2023. Oktoba likaongezwa shtaka la kula njama ya kutumika kama wakala wa Misri, na mashtaka yakaendelea kuongezeka hadi yakafika 16 dhidi yake.

Mwisho, fungua ukurasa wa sahihi. Hati ya mashtaka ya James Comey, mkurugenzi wa zamani wa FBI, iliyotolewa Septemba 2025, ilikuwa na sahihi ya mwendesha mashtaka mmoja tu, Lindsey Halligan. Novemba mwaka huo jaji aliifuta kesi kwa sababu Halligan hakuteuliwa kihalali. Aliyeusoma ukurasa ule mapema alijua pa kuangalia.

Hatua ya 3: Jua kesi imefika wapi

Jopo kuu, yaani kundi la wananchi linaloamua kama mtu ashtakiwe, lina watu 16 hadi 23, hukaa faraghani, na kura 12 zinatosha kumfungulia mtu mashtaka. Mawakili wa mtuhumiwa hawamo. Kwa hiyo kushtakiwa si kutiwa hatiani. Kwenye kesi yenyewe wapo wananchi 12, na ni lazima wote wakubaliane.

Menendez alishtakiwa pia mwaka 2015, kwa mambo mengine. Mwaka 2017 wale wananchi 12 wa kesi walishindwa kukubaliana, Januari 2018 waendesha mashtaka wakaiacha kesi, na Novemba akachaguliwa tena. Wananchi wale hawakumsafisha wala kumtia hatiani, ila kwenye kampeni jambo hilo lilielezwa kama ushindi.

Hatua ya 4: Puuza "anakabiliwa na miaka mia"

Idadi hiyo hupatikana kwa kujumlisha adhabu ya juu kabisa ya kila kosa. Jaji hapangi hivyo. Menendez alitiwa hatiani kwa makosa yote 16 Julai 2024, na Januari 2025 akapewa miaka 11.

Hatua ya 5: Fuata milango ambayo siasa huingilia

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi. Usiulize tu kama kesi ni ya kisiasa. Uliza nani ana uwezo wa kuibadili, na anautumia lini.

Mlango wa kwanza ni Wizara ya Sheria. Eric Adams, aliyekuwa meya wa New York, alishtakiwa Septemba 2024. Februari 2025 wizara iliagiza mashtaka yafutwe kwa namna ambayo yangeweza kufunguliwa tena, na Danielle Sassoon, aliyekuwa akikaimu ukuu wa waendesha mashtaka wa Manhattan, akajiuzulu badala ya kutekeleza. Jaji Dale Ho aliifuta kesi Aprili, lakini kwa namna ambayo haiwezi kufunguliwa tena, ili isibaki juu ya kichwa cha meya kama kitisho. Tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe, na vichwa vingi vya habari viliiruka. Adams alijitoa kwenye kinyang'anyiro Septemba, na uchaguzi wa Novemba akashinda Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala.

Mlango wa pili ni Bunge. Katiba haimzuii mtu aliyetiwa hatiani kugombea ubunge au urais. Kinachoweza kumtoa mbunge ni wenzake, kwa theluthi mbili ya kura. George Santos, mbunge wa New York, alifukuzwa hivyo Desemba 2023, kabla hata ya kukiri makosa. Menendez alikataa kuondoka mpaka alipotiwa hatiani, akajiuzulu Agosti 2024. Lakini uenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje aliuacha mara aliposhtakiwa, na mrithi wake, Ben Cardin, akazuia dola milioni 235 za msaada wa kijeshi kwa Misri. Hapo kesi ya Menendez, iliyokuwa mahakamani Manhattan, ilikuwa imeshafika Cairo.

Mlango wa tatu ni Ikulu. Santos alihukumiwa kifungo cha miaka 7 na miezi 3, na Oktoba 2025 Trump akakifuta kilichobaki. Kwa hiyo hukumu ikitoka, andika pembeni jina la rais aliyepo na tarehe ya uchaguzi ujao.

Hatua ya 6: Usiliache faili baada ya hukumu

Kabla ya adhabu, waendesha mashtaka humwandikia jaji barua ndefu, na mara nyingi humo mna mambo ambayo hayakusikika popote. Ndugu wawili wa familia ya Akasha wa Mombasa, Baktash na Ibrahim, walioshtakiwa kwa dawa za kulevya, walipelekwa New York Januari 2017 na kukiri makosa mwaka 2018. Baktash alipewa miaka 25, Ibrahim 23. Nyaraka za upande wa mashtaka zilieleza hongo kwa majaji, waendesha mashtaka na polisi wa Kenya, na zikazua mjadala mkubwa nyumbani. Manuel Chang, waziri wa zamani wa fedha wa Msumbiji, alihukumiwa Brooklyn Januari 2025, miaka 8 na nusu. Ukitaka kujizoeza, anza na mafaili haya mawili, na barua hizo uzisome kwanza.